Mzigo Niliomfungia Mkeo

Etobicoke, Toronto
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mdogo wangu Gitonga,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U hali gani? Mgongo wako ulioumia kwenye ile pikipiki umepata nafuu, au bado unainuka kitini kwa awamu? Natumaini maharagwe hayakuozea shambani, na kwamba shangazi Karimi bado anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini kuwaogesha wazee wa watu, narudi. Mgonjwa wa nyumba hii si mimi, na kwa kuwa wewe huulizi hali yake, nitakueleza bila kuulizwa.

Barua hii anakuletea mwalimu Zephania, Mtanzania wa Songea, ambaye ndiye kiongozi wetu katika hija ya miguu ya parokia. Anakuja kumtembelea binti yake aliyeolewa huko Maua, nikamwomba apitie kwako Nkubu. Amekuletea pia begi la mgongoni lenye utepe wa zambarau. Tafadhali usilifungue kabla hujafika mwisho wa barua. Najua huna subira, tangu utotoni ulikuwa ukifungua biskuti za mgeni kabla mgeni hajaketi, lakini safari hii jikaze. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza mimi hunyamaza, na nikinyamaza wewe hudhani tumekubaliana.

Ulichonituma unakikumbuka. Mwezi wa pili ulinipigia ukasema umechoka kuchekwa sokoni, wanaume wenzako wanakuuliza kama siku hizi unajua kusonga ugali maana mkeo yuko Kanada, na kwamba mimi kama dada mkubwa nitafute njia ya kumrudisha nyumbani. Ulisisitiza nisimfukuze, watu wasije wakasema ukoo wetu una roho mbaya. Nimchoshe tu, ulisema, aione nchi hii kwa ubaya wake mpaka aombe tiketi mwenyewe. Nikakujibu uniachie mimi.

Nikuambie kweli, kazi hiyo nilikuwa nimeianza kabla hujanituma. Nilimpa Nkirote wako kochi ambalo chuma chake kimoja kinachoma mbavu, akalala juu yake miezi kumi na minane na kila asubuhi akanishukuru. Nilipanga zamu zake za kupika siku anazotoka kazini hospitalini akiwa amesimama kwa saa kumi na mbili, akapika. Mara moja, mbele ya wageni kutoka kanisani, nilizitaja zile mimba zake mbili ambazo hazikushika, nikasema kwamba wengine huja Kanada kukimbia maswali. Aliinuka akaenda kuongeza chai. Alirudi na birika, akammiminia kila mtu, na mimi akanimiminia wa kwanza. Mkeo hachoki, Gitonga. Nilimchukia kwa hilo peke yake.

Sasa hija. Kila mwaka, wiki moja baada ya Pasaka, watu wa parokia yetu hutembea kutoka hapa Etobicoke hadi mahali patakatifu huko kaskazini, siku sita kwa miguu, tukilala kwenye kumbi za makanisa njiani. Majira hayo huku hayana adabu. Jumatatu watu wanavaa kaptura na kulamba aiskrimu, Jumatano theluji inaanguka juu ya maua. Kwa hiyo wiki nzima kabla ya safari watu hawazungumzi habari za sala, wanazungumza habari za mabegi: nani apeleke nini, nini kiachwe, kilo saba zitatoshaje kwa jua na barafu pamoja. Begi likizidi kilo saba Zephania analikataa.

Na Zephania ana sheria yake, ambayo sijaisikia kwingine. Hakuna anayejifungia begi. Watu hupangwa wawili wawili, kila mmoja anamfungia mwenzake. Anasema mtu akijifungia mwenyewe ama hujipendelea, ama hujitesa apate kuonekana. Begi likishafungwa linazungushiwa utepe wa zambarau na halifunguliwi mpaka kituo cha kwanza cha kulala, na utakachokikuta ndani ndicho ambacho mwenzako ameona kinakutosha. Hunung'uniki. Tena wawili waliopangwa pamoja hufungiana miaka mitatu mfululizo, wapende wasipende. Mwaka huu nilipangwa na mkeo. Zephania alidhani anatufanyia wema, mawifi wa nyumba moja.

Nkirote aliandika nia yake ya sala kwenye karatasi, mstari mmoja tu, akamkabidhi Zephania ndani ya bahasha kama wengine wote. Kisha akaweka nadhiri kwamba hatapanda gari hata hatua moja, atafika kwa miguu yake. Aliposema hivyo nikaona nafasi yetu imejileta. Mtu aliyeweka nadhiri mbele ya parokia nzima, akashindwa siku ya pili na kurudishwa akilia na gari la chakula linalotufuata njiani, angejiona kwamba nchi yenyewe imemkataa. Hapo neno la kurudi nyumbani lingemtoka mwenyewe.

Ijumaa tulikwenda wote wawili Thorncliffe Park, kwenye duka la Bibi Gulnar, Mwismaili aliyezaliwa Moshi, anayeuza viatu na nguo za baridi. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Alimkalisha Nkirote kwenye kigoda akamweleza kwamba soksi ya pamba ikilowa inakaa na maji kama tambara la kupigia deki, na mguu ulio ndani unapoa mpaka wenyewe hausikii tena kama ni mguu. Ya sufu hata ikilowa inatunza joto. Akasema kwa majira haya mtu asibebe nguo moja nene, abebe nyembamba tatu za kuvaa na kuvua, na koti la mvua linalozuia upepo, na asiende na raba za kitambaa hata jua likiwa kali. Nayaandika haya ili ujue kwamba niliyasikia. Tena sikuhitaji kuyasikia, mimi nimekaa huku miaka kumi na tisa. Nkirote alinunua kila alichoambiwa. Aliniuliza kama na mimi nitanunua soksi mpya, nikamjibu kwamba za zamani zinanitosha.

Jumapili baada ya misa tulifunga mabegi. Yeye alitandika vitu vyake vyote juu ya kitanda changu, kwa mpangilio, kama vifaa vya upasuaji, kisha akatoka na kufunga mlango, akaenda sebuleni kunifungia langu. Nilitoa soksi za sufu jozi tatu, nikaweka za pamba. Nilitoa koti la mvua, nikaweka lile la nailoni wanalogawa bure kwenye mechi, ambalo ukiinua mkono linachanika kwapani. Nilitoa suruali ya mvua, nguo za ndani za joto, glavu, kofia. Niliweka kaptura, tishati tatu, kandambili. Begi likawa jepesi mno, ningeulizwa, kwa hiyo nikaongeza vitabu vitatu vya nyimbo vyenye majalada magumu. Buti zake nilimwambia zitatangulia na gari la chakula, yeye avae raba kwa sababu utabiri umesema jua wiki nzima. Utabiri haukusema hivyo. Vitu vyake nikavisukuma chini ya kitanda changu pamoja na buti, na usiku ule nililala juu yake nikapata usingizi mzuri.

Asubuhi Zephania aliyapima mabegi kwenye uwanja wa kanisa kwa ile mizani ya kuning'iniza masanduku ya ndege. La mkeo lilikuwa kilo sita na nusu. Alinisifu, akawaambia wengine waone jinsi begi linavyopangwa na mtu anayempenda mwenzake.

Siku ya kwanza ilikuwa na joto kama la huko Nkubu. Nkirote aliimba njia nzima na raba zake. Jioni tukafika Richmond Hill, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja, na utepe ukakatwa. Nilikuwa nikimwangalia kwa pembe ya jicho. Alitoa vitabu vya nyimbo, kimoja, cha pili, cha tatu. Akatoa kaptura. Alipapasa mpaka chini kabisa kama mtu anayetafuta funguo, akatoka kwenda kutafuta buti zake kwenye gari la chakula, akarudi mikono mitupu. Kisha akanitazama kwa muda. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimeandaa majibu. Alirudisha kila kitu ndani na kusema tu kwamba ni vizuri, hatutakosa nyimbo.

Nami nikafungua langu. Ndani mlikuwa na soksi za sufu jozi tatu, mpya, alizoninunulia kwa Bibi Gulnar bila mimi kujua, amezitia kwenye mfuko wa nailoni na kuubana zisilowe. Mlikuwa na glavu, plasta za malengelenge, mafuta ya mgando ya kupaka vidole. Na chini kabisa, ile sweta ya kijani ya Mama.

Unaijua sweta hiyo. Mama aliifuma akiwa kitandani mwaka wake wa mwisho, vidole vimevimba, akampa Nkirote kwa sababu alijua karatasi zake za Kanada zinashughulikiwa na kwamba atakwenda kwenye baridi. Mimi nilikuwa kwenye baridi hiyo hiyo miaka kumi na sita tayari, na hajawahi kunifumia hata kitambaa cha shingo. Wala sikuja kumzika. Nkirote ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamfumba macho. Kila mara alipoivaa sweta hiyo ndani ya nyumba yangu nilitamani kumvua kwa meno. Sasa ilikuwa kwenye begi langu, imekunjwa vizuri, na asubuhi ya pili nikaivaa.

Siku hiyo ya pili ilinyesha tangu alfajiri. Lile koti la nailoni lilichanika kabla ya saa nne. Msichana mmoja alimpa glavu zake, mwingine kofia, lakini soksi na viatu vya akiba kila mtu alikuwa na vyake vya kumtosha yeye tu. Siku ya tatu mvua ikageuka barafu, kisha theluji, upepo ukitujia usoni kwenye barabara za mashamba ambako hakuna hata ukuta wa kujikinga. Zephania alimuuliza kama ana mahitaji yake yote. Alijibu kwamba anacho chote alichofungiwa. Zephania akataka apande gari, akakataa kwa sababu ya nadhiri. Basi akaniita mimi pembeni, kama wifi yake, nimshawishi. Hapo ingetosha, Gitonga. Angepanda, angeaibika, ungepata ulichokitaka, na miguu yake ingekuwa mizima. Nilimwambia Zephania amwache, nadhiri ni nadhiri.

Mnamo saa tisa alasiri alianza kutembea kama anayekanyaga magogo, kisha akaanguka kwenye mtaro wa kando ya barabara. Alipoinuliwa alikuwa akicheka na kusema joto limezidi, anataka kuvua nguo. Mimi nimefanya kazi na wagonjwa, najua maana yake: baridi imeshaanza kumuua mtu. Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini.

Nilikupigia kutoka hospitalini nikakuambia baridi imemshinda mkeo. Uliuliza kama sasa atarudi. Wiki nne baadaye, madaktari walipokata, nilikupigia tena nikakuambia vidole viwili vya mguu wa kushoto. Uliuliza tena kama sasa atarudi. Hukuuliza ni vidole vipi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nikae mezani tangu asubuhi. Siku hiyo ya tatu, kama saa nane mchana, kabla hajaanguka, tulikuwa nyuma ya wengine, mimi na yeye tu. Alisimama. Midomo ilikuwa imekakamaa, maneno yanatoka vipande vipande. Aliniomba jozi moja ya soksi. Hakudai, aliomba, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikamwambia sina kavu, zote zimelowa. Alijua ninazo, maana ni yeye aliyezifunga na kuubana mfuko. Jozi mbili nilikuwa nimezivaa, moja juu ya nyingine, na ya tatu ilikuwa kavu ndani ya begi langu. Alinitazama, nikiwa ndani ya sweta ya Mama, akaitikia kwa kichwa na kuendelea kutembea. Kwa lile la begi ningeweza kujitetea kwamba ulinituma. Kwa hili hukunituma. Hata hukunituma kwa ukatili, ulinituma kwa aibu ya sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa na njaa ya kumwona akishindwa, na wewe ulinipa ruhusa tu. Ningekuwa mwema ningesema yote ni yangu. Si mwema, kwa hiyo chukua fungu lako.

Wiki iliyopita nilikuwa nambadilishia bandeji, kwa sababu hawezi kuinama vizuri, na koti lake la mvua lilikuwa limejitokeza chini ya kitanda na karatasi ya dukani bado inaning'inia. Aliliona. Akaniuliza jambo moja tu: kama wazo hili lilikuwa langu peke yangu. Nilikutaja, Gitonga. Nilimweleza simu ya mwezi wa pili neno kwa neno, na zile mbili za hospitalini pia. Akaniomba nimalizie kufunga bandeji.

Sasa usikie kuhusu nia yake. Zephania alimletea bahasha hospitalini, maana hakufika huko kaskazini kuitoa. Nkirote aliniachia niisome. Ilisema: Gitonga aje tukae pamoja. Tangu Novemba alikuwa amekuombea ruhusa ya kuja kuishi huku, kimya kimya, asikupandishe matumaini bure. Alikuwa anatembea siku sita ili wewe upate kibali. Majibu yalikuja mwezi wa tano, akiwa amelazwa: watu wa uhamiaji wamekubali maombi yake. Ulikuwa unakuja Kanada, mdogo wangu. Wanaume wa sokoni wangekusindikiza uwanja wa ndege. Jumatatu iliyopita aliwaandikia kwamba hamwombei tena mtu yeyote.

Harudi nyumbani. Hospitali yake imempa kazi ya kukaa, anapokea simu za wagonjwa, na anasema sauti yake haihitaji vidole. Nilimwambia nitahama nimwachie nyumba, akakataa. Nilimpa kitanda changu, hicho amekubali, na mimi sasa ndiye ninayelala kwenye kochi la chuma. Sweta ya Mama nilimrudishia nimeifua. Hakuipokea, amesema alishanifungia, ni yangu. Siwezi kuivaa na siwezi kuitupa. Tena amenikumbusha kwamba bado tuna miaka miwili, mwakani baada ya Pasaka nitamfungia begi na yeye atanifungia. Sijui ataniwekea nini. Nitakwenda, na nitabeba chochote nitakachokikuta.

Barua hii ameisoma kabla sijaitia kwenye bahasha. Hakubadilisha kitu isipokuwa kimoja: alitaka nisiendelee kukudanganya kuhusu vidole. Ni vitatu.

Msalimie shangazi Karimi, umwambie namwombea magoti yake. Wasalimie majirani wote na yeyote anayenikumbuka kwa wema. Utunze mgongo wako, usibebe vitu vizito.

Sasa unaweza kukata utepe. Begi hilo amekufungia Nkirote mwenyewe, juzi, mlango ukiwa wazi, nikimtazama. Kuna soksi za pamba jozi tatu, koti la nailoni lililochanika, kaptura, na vitabu vitatu vya nyimbo. Juu kabisa ameweka nakala ya cheti chenu cha ndoa na zile picha zako za pasipoti ulizompa alipokuwa akisafiri. Amelipima, ni kilo tano. Amesema nikuandikie kwamba hivyo ndivyo alivyoona vinakutosha.

Mimi dada yako,
Jennifer